Ukienda makaburi ya Kasubi, beba kanga

Ukipita Kampala, tenga nusu siku uende kilima cha Kasubi, walipozikwa makabaka (wafalme) wanne wa Buganda, ufalme wa jadi wa Waganda: Muteesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Bodaboda wote wanapajua. Patana nauli kabla hujapanda.

Kina dada, vaeni sketi au gauni refu. Kama umevaa suruali, funga kanga juu yake. Hapo si makumbusho tu, ni makaburi ya kifalme yanayoendelea kutunzwa, na wapo akina mama wa ukoo wanaokaa zamu kuwalinda wafalme wao. Wasalimie kwanza, tena kwa kupiga magoti kidogo ukiweza. Watafurahi sana.

Ukiruhusiwa kuingia nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, vua viatu mlangoni, kaa mkekani, na usimnyooshee mtu miguu. Kisha inua macho: pete 52 za matete zinazoshika paa la nyasi zinawakilisha koo za Waganda. Nyumba hii iliungua Machi 2010 ikajengwa upya kwa ufundi uleule wa jadi, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Pazia la gome la mti usilisogelee wala kulichungulia. Nyuma yake ndiko msitu mtakatifu wanakopumzika wafalme. Picha nazo, uliza kwanza, na ukikataliwa usibishane. Chukua mwongozaji wa hapohapo. Bila yeye utaona nyasi na mikuki tu.