Fulana, kaunta buku na ufunguo wa tranka: kuagana kidato cha sita bila kununiana

Jumapili moja ya mwezi wa pili mdogo wangu alinipigia kwa simu ya matroni. "Dada, wamenichagua mhazini wa fulana." Nilicheka mpaka akakasirika. Mwaka 2019 kazi hiyo niliifanya mimi, shule ya bweni Morogoro, darasa la watu 43, na nikamaliza nusu ya bweni hainisemeshi. Mwaka huu tumeifanya wawili na imetoka vizuri, kwa hiyo nawaandikia mtakaofuata. Mahafali yenyewe siyagusi. Risala, mgeni rasmi na mahema ni shughuli ya shule na wazazi. Hapa ni yale ya kwenu wenyewe.

Hatua ya 1: Msingoje siku ya pepa la mwisho

Kila darasa husema "tutasherehekea siku ya kumaliza". Siku hiyo haipo. Mtihani wa taifa unaanza Mei, GS (General Studies) mnafanya wote, baada ya hapo kila kombi, yaani mchepuo wa masomo, ina ratiba yake. Wa HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) anaweza kuwa ameshafunga begi huku wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) bado anasubiri praktiko. Na mtu akishamaliza, mzazi yuko getini au basi la saa sita linaondoka.

Chagueni Jumamosi iliyo angalau mwezi mmoja kabla ya mtihani. Sisi tulitumia jioni ya mahafali, wageni walipokwisha kuondoka. Fulana ziwe mkononi wiki moja kabla.

Hatua ya 2: Ruhusa

Nenda kwa mwalimu wa darasa na mchoro uliokamilika. Ukienda na wazo tupu utaambiwa "tutaangalia". Mwalimu wa nidhamu atauliza mgongoni kumeandikwa nini, basi lakabu za ajabu zifuteni ninyi kabla hajazifuta yeye.

Hatua ya 3: Michango

Weka kiasi kimoja kwa kila kitu. Sisi ilikuwa 13,000, yaani 10,000 ya fulana na 3,000 ya chakula. Usichangishe mara mbili, ya pili haiji.

Wanafunzi hamna simu, kwa hiyo hela inatumwa na mzazi, na ujumbe unaingia kwa jina la mzazi. Mwaka ule nilipokea 13,000 kutoka kwa mwanamume nisiyemjua, nikakaa nayo siku tisa. Alikuwa mjomba wa mtu. Siku hizo tisa mpwa wake nilimwandika mdaiwa kwenye ubao wa bweni. Siku hizi mdogo wangu huwaambia kabisa: kila mtu aandike kwenye daftari lake jina la atakayetuma na tarakimu nne za mwisho za namba yake. Na mzazi aambiwe atume na ya kutolea. Anayetuma bila ya kutolea anakunywa nusu ya soda ya mwenzake.

Asiyeweza kabisa msimtangaze. Katika watu 43 hawakosekani wawili watatu, na ukizungusha hesabu kidogo fulana zao zinapatikana.

Hatua ya 4: Orodha ya majina

Hapa ndipo nilipoharibu, na hapa nawaomba mtulie.

Tulitaka majina yote mgongoni. Nilikusanya kwa mdomo, nikayaandika usiku wakati wa prepo, yaani kujisomea, kwa mwandiko wangu, karatasi ikapigwa picha ofisini na kutumwa kwa wachapa fulana Kariakoo, Dar. Kijana wa pale akaiona picha ina ukungu, akayachapa upya kwa kubahatisha. Zuwena akawa Zulena. Happyness, ambaye cheti chake cha kuzaliwa kina *y*, akarekebishwa na kompyuta. Hayo yangevumilika. Lakini darasani tulikuwa na Neema J. wawili. Kijana akadhani nimerudia, akamfuta mmoja.

Niligundua Ijumaa saa tano asubuhi, dukani kwao, fulana zote 43 zimekwisha kuchapwa na zimekunjwa. Neema wa pili ndiye aliyekuwa jirani yangu wa kitanda cha juu. Nilisimama kwenye ngazi ya jengo lile nikitafuta namna ya kumwambia, nikakosa. Tukampata fundi mwenye mashine ya kubandika herufi kwa joto mtaa wa pili. Akakata NEEMA JUMA mara 43, tukaziweka moja moja kwenye mashine, tunahesabu, tunafungua, tunasubiri ipoe, tunavua karatasi. Tulimaliza Isha imeshaadhiniwa. Jina lake liko chini ya wenzake, peke yake, limepinda kidogo kuelekea kulia. Fulana ninayo hadi leo. Majina yaliyochapwa kwa skrini, ule wavu wa kupitishia wino, yamefifia, lake bado linang'aa.

Sasa fanyeni hivi. Kila mtu aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwenye orodha yenye namba 1 hadi mwisho. Msimwandikie aliye zahanati, msubirini. Majina yanayofanana yatofautisheni kabla hayajatoka shuleni: NEEMA JUMA na NEEMA JOHN. Usiandike NEEMA J. mara mbili ukategemea busara ya mtu asiyewajua. Mtu mmoja ayachape, mwingine asome kwa sauti akilinganisha na karatasi, herufi kwa herufi. Salum na Salumu ni watu wawili tofauti, na Khadija asiye na *K* anaijua sababu yake.

Faili litumwe kama dokumenti ya PDF, lisipigwe picha. Ukituma picha kwa WhatsApp inabanwa na herufi zinafubaa.

Kisha daini fulana moja ya mfano. Mwenye duka atasema haina haja, ana uzoefu. Mwambie salio analipata mkiipitisha. Mwaka huu nilipanda treni ya SGR asubuhi, nikaichukua Dar, jioni ikawa Morogoro, na kila mwanafunzi alisaini pembeni ya jina lake kwenye ile orodha. Wawili walikuta makosa. Mmoja alikuwa ameyaandika mwenyewe. Hesabuni idadi kwenye karatasi, kwenye faili na kwenye fulana, zote tatu zilingane. Msipoiona fulana ya mfano, salio msilipe.

Hatua ya 5: Kitambaa

Pamba. Najua polista ni rahisi na picha zake zinawaka, lakini mtaivaa Morogoro mwezi wa tatu. Pia ukileta pamba kwa fundi wa sablimesheni (kuhamishia rangi kwenye kitambaa kwa joto) rangi haitashika, ile ni ya polista. Kwa maandishi ya rangi moja na fulana nyingi, skrini ndiyo nafuu, kwa sababu kila rangi inahitaji skrini yake na gharama inapanda hapo. Rangi nne za nini?

Iwe nyeupe au ya rangi ya mwanga, muweze kusainiana kwa maka peni. Ingiza kipande cha boksi ndani kabla ya kuandika, la sivyo wino unavuka upande wa pili. Shati la shule msiliguse. Mtalivaa kwenye chumba cha mtihani.

Hatua ya 6: Kaunta buku

Wengine wanategemea grupu la WhatsApp. Mimi siliamini. Baada ya mtihani mnapangiwa kambi za JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, mmoja Mafinga, mwingine Bulombora, mwingine Makutupora, na grupu linabaki na mtu mmoja anayetuma nyimbo.

Nunueni kaunta buku, lile daftari nene la jalada gumu, la kwaya mbili (quire 2), moja kwa darasa zima, kurasa mbili kwa kila mtu. Lizunguke wiki tatu, kila mmoja alale nalo usiku mmoja. Namba ya simu iwe ya nyumbani, ya mzazi au duka la jirani, kwa kuwa laini za kwetu hubadilika. Maswali ya "chakula unachopenda" yaacheni. Sisi tuliuliza moja tu: ni siku gani hapa shuleni ulitaka kutoroka, na nani alikuzuia? Kurasa mbili hazikutosha.

Mkimaliza, mmoja alipeleke kwa mwenye mashine ya fotokopi. Nakala zinagawiwa, asili anabaki nalo mhazini. Ndiyo malipo yake.

Hatua ya 7: Chakula na muziki

Pilau, soda, keki moja. Spika iazimeni kwa mwalimu wa michezo.

Hatua ya 8: Kuondoka

Ndoo, godoro na pasi ya mkaa wagawieni kidato cha tano mapema, kwa jina, msije mkakuta vimegombaniwa. Madeni ya kantini lipeni kabla ya pepa la kwanza.

Na vitu mlivyoshikiana, rudishianeni siku ileile ya sherehe, msingoje mwisho. Tranka langu nililitumia pamoja na rafiki yangu wa HKL, ufunguo mmoja. Alimaliza Alhamisi, tukalia getini, akapanda basi. Mimi nilimaliza Jumatano iliyofuata, na kufuli nililikatiwa kwa msumeno stendi ya Ubungo, 2,000.