Kuutoa utafiti wako kabatini na kuufikisha leba: hatua kwa hatua

Wauguzi wetu wanamaliza shahada ya pili, tasnifu inatiwa gamba gumu, nakala moja inaenda maktaba, nyingine kwa msimamizi, ya tatu inakaa juu ya kabati nyumbani. Wodi iliyotoa takwimu zile haijui hata kilichogundulika. Majuzi nilikuwa namsaidia mkunga mwenzangu ambaye utafiti wake ulihusu watoto wanaozaliwa bila kupumua, na wenzake wa darasa wakaanza kuuliza tumepitaje. Basi nimeandika. Mfano ni huo huo wa leba, yaani wodi ya kujifungulia. Kama mada yako ni vidonda au katheta, badilisha vifaa tu.

Hatua ya 1: Matokeo yako yawe sentensi moja yenye kitendo

"Wakunga wajengewe uwezo" haimsaidii mtu wodini. Andika hivi: "Mtoto aliyekaushwa na kusuguliwa mgongo na bado hapumui, aanze kupuliziwa hewa kabla dakika moja haijaisha." Mkunga wa zamu ya usiku akisoma hiyo anajua mkono wake uende wapi. Ukishindwa kuipata sentensi ya namna hiyo, peleka kazi yako kwenye jarida kwanza, wodi isubiri.

Hatua ya 2: Angalia wengine wamepata nini

Usibadilishe huduma kwa kutegemea utafiti wako peke yake. Ulikuwa wa hospitali moja, na ulikuwa unakimbizana na tarehe ya kuwasilisha. PubMed Central, maktaba ya makala za kitabibu mtandaoni, ni bure. Majarida ya kulipia jaribu HINARI kupitia chuo au hospitali yako, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002. Ukikwama, mwandikie mwandishi barua pepe umwombe nakala. Wengi hutuma, na hufurahi kwamba kuna mtu anasoma.

Kwenye mada hii Tanzania hatuna haja ya kuazima. Watafiti wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walionyesha mwaka 2012 kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kumpulizia mtoto zinaongeza hatari ya kifo kwa asilimia 16. Mwaka 2013 yakatoka matokeo ya hospitali 8 za hapa nchini zilizofundishwa kwa mtaala wa Helping Babies Breathe, wa kuwasaidia watoto wachanga kupumua: vifo vya watoto ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila vizazi hai 1,000. Mwaka huo huo Haydom wakachapisha jambo ambalo wapenda semina hawapendi kulisikia: mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wafanye vizuri sana kwenye mdoli, lakini walipokuwa na mtoto halisi mikononi huduma haikubadilika. Walipohamia kwenye mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, palepale leba, pamoja na dakika 40 mara moja kwa mwezi, vifo vya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa 1,000. Taarifa ya hilo ilitoka mwaka 2015, na ndiyo ninayomwekea mezani kila anayeniambia "tuombe fedha tuandae semina".

Hatua ya 3: Ruhusa

Matroni, yaani mkuu wa wauguzi, kwanza, kisha mganga mfawidhi, kwa barua. Kama una nia ya kuchapisha baadaye, kibali cha maadili kipatikane kabla hujaanza kukusanya chochote. Hakiombwi kazi ikishaisha.

Hatua ya 4: Hesabu ulipo sasa

Hapa ndipo watu wanapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unafungua kitabu cha MTUHA namba 12, rejista ya wanaojifungua, unahesabu watoto waliokufa ndani ya saa 24, unagawanya kwa vizazi hai, unadhani umemaliza. Hujamaliza. Soma safu ya waliozaliwa wafu. Mtoto aliyezaliwa amelegea, hapumui, moyo unapiga taratibu mno, asipopuliziwa anaandikwa kuwa amezaliwa mfu, na wala hakuna aliyedanganya: mkunga aliyekuwa na akina mama wengine wawili wanasukuma hakupata nafasi ya kusikiliza moyo. Siku mkianza kupulizia kila mtoto, baadhi ya hao watapona, na wengine wataishi saa chache kisha wafariki. Hawa wa mwisho wanahama kutoka safu ya wafu kwenda safu ya vifo vya saa 24. Anayehesabu safu moja ataona vifo vimepanda na mradi mzuri utasimamishwa kikaoni. Katika zile hospitali 8, wafu ambao ngozi yao ilikuwa bado nzima walishuka pia, kutoka 19.0 hadi 14.4 kwa 1,000. Kwa hiyo jumlisha safu zote mbili, na kigawanyo kiwe watoto wote waliozaliwa, hai na wafu.

Watoe kwenye hesabu waliofia tumboni siku nyingi, ambao ngozi inamenyuka. Hao hawakufia mikononi mwako. Na mama aliyeletwa kwa rufaa mapigo ya mtoto hayasikiki tena? Mweke kando, kwenye orodha yake. Hapa utalazimika kutoka kwenye kitabu na kufungua mafaili, kuona patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu, iliandika nini mama alipopokelewa. Kama sehemu ya mapigo ni tupu, andika "haijulikani". Usikisie. Kukiwa na "haijulikani" nyingi, hilo peke yake ni tatizo la kupeleka kwa matroni kabla ya jingine lolote.

Apgar, alama za hali ya mtoto dakika chache baada ya kuzaliwa, nayo uiangalie kwa jicho la pembeni. Ukikuta ukurasa mzima ni 8 na 10, 8 na 10, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, ujue umejazwa mwisho wa zamu. Siitumii kama kipimo.

Halafu kuna udogo wa namba. Hospitali inayozalisha akina mama 150 kwa mwezi inaweza kupoteza watoto wawili mwezi huu na watano mwezi ujao bila chochote kubadilika. Ndiyo maana vifo ninavihesabu lakini siviegemei. Naegemea kitendo: kati ya watoto ambao hawakupumua baada ya kukaushwa, wangapi walipuliziwa kabla ya dakika kuisha? Tundika saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde mbele ya meza ya mtoto, si nyuma ya mlango, na mkunga wa pili au mwanafunzi aliyepo atamke muda kwa sauti, kisha auandike kwenye daftari la kawaida lililofungwa kamba mezani. Fomu ndefu haijazwi saa tisa usiku.

Takwimu zichore kwenye karatasi ya manila kwa mkono, nukta moja kila mwezi, na mstari wa namba ya kati, nusu ya nukta zikiwa juu yake na nusu chini. Excel inakaa kwenye laptop ya mtu mmoja, manila inaonwa na kila anayeingia zamu. Nukta sita mfululizo zikikaa upande mmoja wa mstari, kuna kilichobadilika kweli. Chini ya hapo usishangilie wala usilaumu.

Hatua ya 5: Vifaa kabla ya maneno

Ambu, ule mpira wa kumpulizia mtoto hewa, iko wapi? Kama jibu ni "kabatini, ufunguo anao sista", umeshapata kazi ya wiki ya kwanza. Iwe juu ya meza, na maski mbili, namba 0 na namba 1. Kila zamu inapoanza mtu aizibe maski kwa kiganja na kubana mpira: asikie ukaidi mkononi na valvu ya usalama ikifunguka. Mpira ukibonyea kama mfuko wa nailoni, kuna kipande kimebaki kwenye ndoo ya klorini au kimerudishwa kinyume. Hilo hutokea baada ya kuosha kuliko wakati mwingine wowote.

Hatua ya 6: Mazoezi

Dakika 5, mara moja kwa wiki, baada ya ripoti ya asubuhi, mdoli akiwa kwenye meza ile ile ya mtoto. Wawili wanafanya, wengine wanatazama kifua cha mdoli kama kinainuka. Hakuna pawapointi wala posho. Watu watauliza posho. Waambie ukweli kwamba haipo, na uanze. Zamu ya usiku nayo ina zamu yake ya mazoezi, la sivyo utakuwa umewafundisha wa mchana tu.

Asiyeongoza mazoezi ni wewe mtafiti. Mpe mkunga anayeheshimiwa wodini, hata kama ana cheti tu.

Hatua ya 7: Wape wengine

Ukurasa mmoja, Kiswahili, sentensi ya hatua ya 1 ikiwa juu, picha ya manila chini yake. Tuma kwenye kundi la WhatsApp la wakunga wa wilaya na kwa wakuu wa vituo vinavyokuletea rufaa. Usipige picha ya kitabu cha MTUHA ukaituma, hata ukiwa umeziba majina kwa kidole. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na mama anatambulika kwa kijiji na tarehe tu. Makala ya jarida na mkutano wa chama cha wauguzi vifuate baadaye.

Mwisho, maski huchakaa na watu huhamishwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo mahitaji yaingie kwenye mpango wa hospitali mapema, na mwandike kwa kutaja: ambu ya mtoto mchanga, maski namba 0, maski namba 1, valvu za akiba. Ukiandika "vifaa vya watoto", mtaletewa mizani.