Kabla Hujaaga Kazini, Dai Cheti cha Kodi

Kodi ya mshahara hukatwa kabla hela haijakufikia, ndiyo maana wengi hawaifuatilii. Karatasi inayoonyesha kwamba ilikatwa, yaani cheti cha zuio la kodi, ni haki yako kisheria, wala si hisani ya mhasibu. Ukiwa bado kazini, cha mwaka uliopita unatakiwa uwe nacho ifikapo Januari 30. Ukiacha kazi katikati ya mwaka, ndani ya siku 30.

Kisome hapo hapo dirishani. Jina lifanane na la kitambulisho cha Taifa. TIN, yaani namba ya mlipakodi, ina tarakimu tisa: zipitie moja moja.

Hesabu ndiyo inayoliza watu. Mchango wako wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hutolewa kwanza, kodi inafuata. Chukua mfanyakazi wa shamba la chai Mufindi mwenye mshahara wa 600,000 anayechangia asilimia 10. Kinachotozwa kodi ni 540,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi; kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, sawa na 20,000; zile 20,000 za juu zinakatwa asilimia 20, sawa na 4,000. Jumla 24,000. Kodi ikipigwa kwenye 600,000 nzima inakuwa 36,000. Umezidishiwa 12,000 kila mwezi, 144,000 kwa mwaka, na hati ya mshahara itaonekana haina kasoro hata moja. Ukikuta pia tozo ya ufundi stadi au WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, kwenye makato yako, uliza siku hiyo hiyo. Hizo hulipa mwajiri.

Una duka Mwanjelwa pembeni ya ajira? Basi cheti ni hela. Mapato yote hujumlishwa, na kodi iliyokwisha kukatwa kwenye mshahara hupunguzwa kwenye unayodaiwa. Bila cheti, utathibitisha kwa nini? Mwenye ajira mbili naye akusanye vyeti viwili. Ile ya pili hukatwa asilimia 30.

Kutunza: miaka mitano, usipunguze. Ukungu wa Njombe na mvua za Tukuyu haziachi karatasi salama. Mfuko wa plastiki uliofungwa unyevu ukiwa ndani huotesha kuvu, na wino wa baadhi ya printa hutawanyika ukilowa. Toa nakala ya fotokopi, weka kwenye bahasha kavu, kisha kwenye sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta. Piga picha, jitumie kwa barua pepe, simu huibiwa.

Mhasibu akikwambia "njoo wiki ijayo" mara ya pili, andika barua, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Fanya hivyo kabla msimu wa kazi haujaisha na ofisi kufungwa. Na picha ya cheti usimtumie mtu yeyote anayekupigia simu akidai atakurejeshea kodi.