Baiskeli kutoka Callander hadi Killin: ogopa kushuka kuliko kupanda

Kama unaishi Glasgow au Edinburgh na una baiskeli nzima, tenga siku moja ya kiangazi uende Callander, mji mdogo wa Scotland, kisha ufuate Njia ya Taifa ya Baiskeli namba 7 hadi Killin. Ni karibu kilomita 38 kwenda tu. Callander haina stesheni. Wenye miguu imara hushuka treni Stirling au Dunblane na kuanzia huko.

Sehemu kubwa ya njia ni tuta la reli ya zamani, iliyofungwa 1965 mawe yalipoporomoka bonde la Glen Ogle. Treni haipandi mlima wa ghafla, kwa hiyo nawe utapanda taratibu: ziwa la Loch Lubnaig mkono wa kulia, mlima Ben Ledi wa mita 879 mkono wa kushoto. (Hiyo “ch” ya loch itamke kama “kh” ya Khamis, watu wa Pwani hapa tunapata kwa urahisi.) Balquhidder utapita karibu na kaburi la Rob Roy, mwasi mashuhuri wa Scotland aliyefariki 1734. Lochearnhead ndipo penye kazi, njia inapanda kwa kona kali. Shuka usukume.

Ukishafika juu, simama. Wengi wetu tunajiandaa kwa mlima tukasahau mteremko. Mgongo umelowa jasho, upepo wa bondeni unakupiga kifuani, na mara nyingi mvua iko njiani hata kama asubuhi kulikuwa na jua. Mara yangu ya kwanza nilifika Killin vidole vimekufa ganzi, breki naziona lakini sizihisi. Tangu siku hiyo nabeba fulana kavu ndani ya mfuko wa nailoni, glavu na koti la mvua, na ninabadilisha nguo kabla ya kuteremka hata kama sisikii baridi.

Fundi wa kando ya barabara hayupo. Beba tyubu ya akiba, viraka, pampu na spana, na ujizoeze kuziba pancha nyumbani. Mtandao wa simu hukatika mabondeni, kwa hiyo pakua ramani mapema. Chapati, karanga na chupa ya chai ya moto vinatosha; mimi hula Killin, kando ya maporomoko ya Dochart. Hewa ikitulia, usubi hutoka kwa makundi tangu Juni hadi Septemba. Paka dawa, usikae sana penye majani.

Mkenya, Mtanzania na Mganda wamezoea kuendesha kushoto, kama ilivyo Scotland. Aliyejifunzia Kigali, Bujumbura au Bukavu awe mwangalifu kila anapotoka njiani kuingia barabarani.

Juni kuna mwanga hadi saa nne usiku, una nafasi ya kurudi bila haraka. Desemba giza huingia kabla ya saa kumi jioni, na sheria inataka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma.