Somo: Kusafisha ubao mweupe wa ofisini bila kuuharibu

Habari wakuu. Ubao ukianza kubaki na vivuli vya maandishi ya mwezi uliopita, ofisi nyingi husema umezeeka, ununuliwe mwingine. Mara nyingi haujazeeka, umechafuka tu. Niliwahi kumwona mtu mwenye bidii akiusugua ubao wa ofisi kwa waya wa sufuria. Siku ile uling'aa, tukampongeza. Kuanzia wiki iliyofuata kila neno lililoandikwa pale likagoma kutoka, kwa sababu wino ulikuwa umepata mikwaruzo ya kujifichia.

Kabla ya kushika kitambaa, ujue unachokifuta. Wino wa kalamu ya ubao una rangi, una alkoholi inayoiyeyusha (ndiyo ile harufu), una utomvu wa plastiki unaoishikanisha rangi, na una kitu cha mafutamafuta kinachouzuia utomvu huo usigandie ubao. Alkoholi ikishapaa, kinachobaki ni utando mwembamba uliolala juu juu, ndiyo maana unafutika hata kwa kitambaa kikavu. Maka ya kudumu haina hicho kizuizi. Mengi ya hapa chini yanatokana na jambo hili moja.

Hatua ya 1: Tambua ubao wako. Weka sumaku. Ikianguka, na ubao si wa kioo, basi huenda ni melamini, yaani mbao iliyobandikwa tabaka gumu la plastiki. Huo ndio wa bei rahisi na ndio unaochoka mapema, kwani uso wake una vinyweleo vinavyonywa wino. Sumaku ikishika, ni bati la chuma lililopakwa rangi, au lenye enameli, ile ile ya vikombe vya bati, iliyochomwa tanuruni kwa joto la takriban nyuzi 800. Enameli na kioo ni vigumu sana, havinywi wino, na huvumilia dawa kali kuliko wengine.

Hatua ya 2: Futa kukiwa kukavu, kutoka juu kwenda chini, kwa kitambaa safi. Ukizungushazungusha mkono unatawanya vumbi la wino tu.

Hatua ya 3: Spiriti. Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapokosea. Chukua alkoholi ya asilimia 70, ile ya kusafishia ngozi kabla ya sindano. Fungua madirisha na usiwe karibu na moto, kwani inawaka. Lowesha kitambaa, usimwagie ubao. Kwenye melamini maji yakipenya pembeni mwa fremu mbao huvimba na uso hubanduka. Futa sehemu ndogo, kisha GEUZA kitambaa. Futa nyingine, geuza tena. Mtu anayemaliza ubao mzima kwa upande mmoja wa kitambaa anahamisha wino kutoka kushoto kwenda kulia, halafu anashangaa ubao umekuwa wa kijivu. Vivuli sugu viwekee kitambaa kibichi kwa nusu dakika ndipo ufute. Acha spiriti ifanye kazi, si mkono wako.

Hatua ya 4: Pitisha kitambaa chenye maji na tone moja la sabuni ya vyombo, kisha kingine chenye maji matupu, kisha kausha. Usiruke hayo maji matupu. Sabuni ikibaki hujenga utando unaokamata wino, na kesho utarudi kulalamika. Usiandike pia ubao ukiwa na unyevu, unaharibu ncha ya kalamu.

Hatua ya 5: Safisha dasta. Nani hapa amewahi kuosha dasta la ofisi yake? Likishajaa unga wa wino halifuti tena, linapaka. Likung'ute nje kila wiki, na kama kitambaa chake kinatoka, kifue. Mimi nimeacha dasta kabisa, natumia vitaulo vya mikrofaiba. Ukivifua usitumie dawa ya kulainishia nguo, nayo huacha utando.

Baada ya hapo, kufuta kukavu kila jioni na spiriti mara moja kwa wiki kunatosha. Wino usiulaze siku nyingi. Kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kugandia. Kalamu zilazwe, zisisimamishwe, ili rangi isituame upande mmoja.

MASWALI YA WANACHAMA

— Mkuu, mgeni wetu kaandika kwa maka ya kudumu, tena ukurasa mzima! Tufanyeje?

Mpoze, yamewakuta wengi. Chukua kalamu ya kawaida ya ubao, pita juu ya maandishi yale yale hadi yafunikwe, kisha futa mara moja kabla hayajakauka sana. Alkoholi ya kalamu huyeyusha wino wa zamani, na kile kizuizi cha mafutamafuta huuinua. Masalia yamalize kwa spiriti.

— Sanitaiza ya mikono je?

Inafaa, ina alkoholi. Ila ile ya ute huacha unato, kwa hiyo hatua ya 4 ni lazima.

— Nimesikia dawa ya meno inang'arisha.

Inang'arisha kwa sababu ina chembechembe za kukwaruza. Ni yule ndugu wa waya wa sufuria, amevaa suti tu. Sponji nyeupe za kufutia madoa ukutani nazo hukwaruza, ingawa kwa upole zaidi.

— Asetoni ya kuondoa rangi ya kucha?

Kioo na enameli, sawa. Melamini na bati la rangi, hapana, inaweza kula uso wenyewe.

— Sisi tunapaka polishi ya samani, ubao unateleza safi. Kuna ubaya?

Utateleza kwa siku chache. Baadaye mafuta hukusanya vumbi na kalamu zinaanza kuandika kwa kurukaruka. Mimi siungi mkono.

— Na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe?

Hapana. Haisaidii kwa wino huu, na ikichanganyika na spiriti au dawa yenye amonia hutoa vitu vya sumu. Iache kwenye nguo.

— Dada yangu, ubao wetu ni mpya kabisa lakini haufutiki tangu siku ya kwanza.

Kwangua kwenye pembe, angalia kama ile nailoni ya kiwandani bado haijatolewa. Usicheke, nimeshaona ubao ulioandikiwa juu ya nailoni mwaka mzima.

— Tumechora jedwali la zamu kwa selotepu nyembamba, tumeitoa, gundi imebaki.

Paka mafuta kidogo ya kupikia juu ya gundi, subiri dakika 10, ifute, kisha sabuni, kisha spiriti kuondoa mafuta.

— Nimefuata zote, ubao wangu wa melamini bado una vivuli.

Pitisha ukucha juu yake. Ukikwama kwenye mikwaruzo, au uso umepoteza mng'ao, hakuna dawa itakayourudisha. Kuna karatasi za kubandika zinazoandikika kama ubao. Bandika moja juu yake baada ya kuondoa mafuta yote kwa spiriti, ukiwa na mtu wa pili wa kushika upande wa chini. Peke yako utapata mapovu.