Umepata dili la kupiga shoo nje? Jifunze kwa Warusi wa barafuni kabla hujasaini

Vijana wa sarakasi na madansa wa hapa Dar wananiuliza sana kuhusu mikataba ya nje, hoteli za Dubai, mapaki ya burudani China, sarakasi za Ujerumani, meli za kitalii, na mimi jibu langu naanzia mbali kidogo, kwenye kuteleza kwenye barafu, mchezo ambao wengi wetu tunauona kwenye TV tu. Sababu ni kwamba Warusi wamekula hii mikataba miaka mingi kuliko sisi. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika 1991 hela ya serikali ikakata, viwanja vingine vya barafu vikageuzwa masoko, makocha na wachezaji wakafungasha mabegi. Mpaka leo ukienda kwenye shoo kubwa za barafu Ulaya au Marekani, nyuma ya yule staa mwenye jina kuna Warusi kibao ambao huwajui, wanaishi kwenye mabegi kama nyie mtakavyoishi.

Sasa twende kazini. Mkataba usianze kuusoma kwenye mshahara, najua macho yanakimbilia huko, anza pale panapoongelea kuumia. Oktoba 2004 kule Pittsburgh, Marekani, mtelezaji wa Kirusi Tatiana Totmianina alikuwa amebebwa juu kabisa na mwenzake Maxim Marinin, jamaa akapoteza balansi, dada akashuka kichwa kikapiga barafu, akatolewa na machela. Walirudi, na 2006 wakabeba dhahabu ya Olimpiki Torino, safi sana, lakini wale walikuwa timu ya taifa wana watu nyuma yao. Wewe unayesimama ngazi ya tatu kwenye piramidi ya watu huna shirikisho, una hilo karatasi tu. Kwa hiyo uliza, tena kwa maandishi, hata WhatsApp inatosha kuanzia: nikiteguka goti hospitali analipa nani? Posho inaendelea au inakatwa siku hiyohiyo, na kama inaendelea ni kwa wiki ngapi? Tiketi ya kurudi ni ya nani kama nimerudi kabla ya muda? Wakikujibu "usijali bima ipo", omba jina la kampuni ya bima na namba ya kadi. Bima isiyo na namba haipo.

Halafu kuna swali watu hawaulizi kabisa, mwenzio akiumia wewe unakuwa nani? Hili ni kwa mnaocheza wawili wawili. Warusi wengine, Ekaterina Gordeeva na mumewe Sergei Grinkov, walikuwa mabingwa wa Olimpiki 1988 na 1994, wakahamia kwenye shoo za kulipwa Marekani, na Novemba 1995 wakiwa mazoezini Lake Placid kujiandaa na ziara Grinkov akaanguka pale pale kwenye barafu, moyo, akafariki ana miaka 28. Mke ana 24 na mtoto mdogo, na kazi yote aliyojenga tangu utotoni ilikuwa ya watu wawili. Ilibidi ajifunze kusimama peke yake mbele ya watu, na Februari 1996 akafanya hivyo Hartford kwenye shoo ya kumuenzi mumewe, baadaye akaendelea na ziara kama solo. Yeye alikuwa na jina la kumbeba. Kwenye mkataba wako hakikisha umeandikwa wewe kama wewe, sio "kundi la watu wawili", na uwe na mchezo wako hata mmoja wa dakika 4 unaoweza kuupiga bila mtu.

Kuhusu vibali sitakaa sana. Msanii anayeenda kupiga kazi nje apite BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, achukue kibali, na wakala wa ajira za nje awe na leseni ya serikali, kama huna uhakika nenda TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, ukaulize. Ukimuuliza wakala leseni akaanza "mdogo wangu yaani huniamini?", basi ndio umeshajibiwa hivyo. Viza ya utalii usikubali hata kidogo. Marekani kwa mfano wana viza ya P-1 ambayo ndani yake wametajwa kabisa watu wa maonyesho ya barafu, na anayeanza kuiomba ni mwajiri au wakala wa huko, sio wewe unahangaika na fomu kwenye stationery ya Kariakoo. Na viza hata kwa hao mabingwa ni mtihani, Mrusi wa leo akitaka ya Marekani anapanda ndege kwenda nchi nyingine kufanya intavyuu.

Hela sasa. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, shirikisho la dunia la kuteleza kwenye barafu likawafungia Warusi wasishindane, mwezi huohuo Visa na Mastercard wakasitisha huduma Urusi na benki zao kadhaa zikatolewa kwenye SWIFT, mtandao ambao benki za dunia zinautumia kutumiana maelekezo ya malipo, yaani mtu yuko ziarani kadi ya nyumbani haisomi dukani, na akilipwa huko kumtumia mama ni kuzunguka mbuyu. Sisi hayajatukuta hayo lakini usiende na njia moja ya kupokea pesa. Ujue unalipwa kwa dola au kwa hela ya huko, tarehe ngapi, na makato ni yapi, maana Marekani msanii mgeni anaweza kukatwa kodi asilimia 30 ya malipo kabla hajaishika, na wakala naye yuko pembeni anasubiri chake. Piga hesabu ya kinachobaki, hicho ndicho mshahara.

Begi: watelezaji wenye akili wanabeba viatu vyao mkononi kwenye ndege, kama shirika linaruhusu, kwa sababu buti jipya linachukua wiki kulizoea na begi likipotea huna kazi. Wewe vile vile, viatu vya kazi, kostyumu moja, mkanda wa mgongo na dawa ziwe begi la juu. Unga na dagaa viende chini, na uangalie kwanza kama nchi unayokwenda wanaruhusu, wengine wanatupa kila kitu.

Jiandae pia na uchovu, Jumamosi shoo tatu ni kawaida kwenye hizi ziara, chumba mnalala wawili, na kwenye meli jukwaa linacheza na mawimbi.

Na kuzamia? Watelezaji wa Kisovieti Ludmila Belousova na Oleg Protopopov, mabingwa wa Olimpiki 1964 na 1968, waligoma kurudi kwao 1979 wakiwa ziarani Uswisi. Wakavuliwa heshima zao za michezo, na nyumbani wakaja kukanyaga tena 2003. Wale walipewa hifadhi. Wewe mkataba ukiisha na viza imeisha huna chochote cha kumuonyesha polisi, kwa hiyo miezi miwili kabla anza kutafuta dili linalofuata ukiwa bado una karatasi.

Mwisho, piga picha kila ukurasa wa mkataba, paspoti na viza, mtumie dada au kaka anayepokea simu usiku, pamoja na namba ya ubalozi wetu wa huko. Wakikuambia mkataba utausaini airport, waambie wautume leo.