Lubumbashi iliyojificha: namna ya kuuzunguka mji wa shaba kwa siku mbili

Mgeni akifika Lubumbashi, kusini mashariki mwa Kongo (DRC), hupelekwa Place de la Poste, anapiga picha na sanamu ya Moïse Tshombe, kiongozi aliyeitenga Katanga, jioni anakula michopo (nyama choma), kisha anasema mji ameumaliza. Mimi natembeza wageni, na kila mara nawaambia: historia ya hapa haina uzio wala tiketi. Haionekani kwa sababu majengo yake bado yako kazini. Kwa hiyo utahitaji mambo mawili, mpangilio mzuri na ulimi wa heshima.

Hatua ya 1: Tafuta ruhusa kabla ya kutafuta njia

Stesheni ya treni, uwanja wa ndege, kambi za askari na ofisi za serikali: simu ibaki mfukoni. Kwingine, msalimie mlinzi kwanza, "Jambo, papa", ueleze umetoka wapi na unataka kuona nini, ndipo uombe picha. Ukianza kwa kupiga picha, salamu haitakusaidia tena. Tembea na mwenyeji, na uje kiangazi, kati ya Mei na Septemba. Ukikubali kuvumilia vumbi na joto, Oktoba miti ya jakaranda huchanua.

Hatua ya 2: Anzia makumbusho

Wengi huiacha Musée national iwe ya mwisho, wakiwa wamechoka. Ianze wewe, kwa sababu humo kuna kitu kitakachokufuata mji mzima: msalaba wa shaba. Karne nyingi kabla ya Mbelgiji, mafundi wa Katanga, eneo la shaba ulipo mji huu, waliyeyusha shaba na kuimimina katika kalibu zenye umbo hilo. Kwenye makaburi ya kale ya Sanga, katika bonde la Upemba, watu walizikwa nayo. Angalia ukubwa. Misalaba ya mwanzo ni mikubwa. Ya baadaye inazidi kuwa midogo na kulingana, dalili kwamba ilikuwa imegeuka pesa.

Sasa ruka hadi Julai 1960. Tshombe anatangaza kuitenga Katanga na Kongo, na bendera yake inabeba misalaba mitatu ya shaba. Mwaka 1961 anatoa sarafu za franka, na msalaba ni uleule. Ukishalijua umbo hili, utajikuta unalitafuta kwenye kuta na nembo popote upitapo.

Hatua ya 3: Geuka jirani

Jengo kubwa la karibu, Bâtiment du 30 Juin, lilizaliwa likiwa ukumbi wa tamthilia wa Wazungu, kazi ya mchoraji majengo Claude Strebelle na wenzake katika miaka ya 1950. Halikukaa sana na tamthilia. Wakati wa kujitenga likawa bunge la Katanga, na siku hizi ni la wabunge wa jimbo. Litazame kwa nje. Vikao vikiendelea usibishane na mtu mlangoni.

Hatua ya 4: Sinagogi

Hapa wageni hushangaa zaidi. Wayahudi wengi wa mji huu walitoka kisiwa cha Rhodes, wakaja kufanya biashara katika Élisabethville, jina la Lubumbashi tangu ilipoanzishwa mwaka 1910 hadi 1966. Sinagogi yao ya mwaka 1930 ingali imesimama katikati ya mji. Rabi Moïse Levy alifika mwaka 1937 na kuhudumu kwa miongo mingi. Waumini waliobaki ni wachache, kwa hiyo omba kuingia siku kadhaa mapema, na siku ya Sabato usijaribu. Mashabiki wa TP Mazembe, klabu ya soka ya mji huu, wasikilize hapa: baba yake Moïse Katumbi, mwanasiasa na bosi wa klabu hiyo, alikuwa mmoja wa Wayahudi hao wa Rhodes.

Hatua ya 5: Bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali

Halihitaji ramani, linaonekana kutoka pande zote, na chini yake umelala mlima mweusi wa masalia ya shaba. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyotangulia Gécamines, ilimimina shaba yake ya kwanza hapa tarehe 30 Juni 1911. Tazama kutoka barabarani tu, eneo lina walinzi.

Kisha tafuta wazee waliokulia kambi za wafanyakazi, uulize habari za Desemba 1941. Wachimbaji na mafundi weusi waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi katika uwanja wa mpira. Vitabu vina habari hiyo, lakini mzee anayesimulia alichosikia kwa baba yake atakueleza pia posho ilikuwa kiasi gani na nani alikimbilia wapi. Usimkatize kwa maswali ya tarehe. Nunua soda, kaa.

Hatua ya 6: Vuka kwa miguu hadi Kamalondo

Usipande taksi, maana mwendo wenyewe ndio somo. Wabelgiji waliacha ukanda mtupu kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, na ukitembea unasikia jinsi umbali ule ulivyopangwa. Kamalondo ndio mtaa mkongwe wa Waafrika, na leo una uwanja wa TP Mazembe. Kula huku, bukari (ugali) na samaki.

Hatua ya 7: Siku ya pili, Shilatembo

Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliteremshwa uwanja wa Luano, wakateswa katika nyumba ya Brouwez isiyo mbali na hapo, na usiku wakauawa porini Shilatembo, kama kilomita 50 kutoka mjini kwa barabara ya Likasi. Jino la Lumumba, mabaki yake pekee, lililorudishwa na Ubelgiji Juni 2022, lilipitishwa hapo kabla ya kuzikwa Kinshasa. Kodi gari kwa siku nzima, mkubaliane bei na dereva pamoja na mafuta kabla ya kuondoka. Toka alfajiri, beba maji, na uwe umerudi mjini kabla ya giza, maana malori ya madini hayana huruma barabarani.